Maharamia wa wikendi na ugomvi wao wa buti

Tarehe 22 Julai 2012 watu 14,231 walikusanyika Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza, wote wamevaa kiharamia, wakaingia kwenye rekodi za Guinness. Vazi lenyewe unalijua hata kama hujawahi kutoka Tandika: buti ndefu za ngozi zilizokunjwa magotini, kitambaa chekundu kichwani, hereni ya dhahabu, mkanda mpana wenye bizimu kubwa, na asipokuwepo kasuku basi jicho moja limezibwa. Ungemleta pale mtu wa fani, yule anayemaliza siku zake za mapumziko akiigiza mabaharia wa mwaka 1718 kwa kufuata nyaraka na mabaki, angekwambia bila kupepesa macho kwamba karibu umati mzima umekosea kuanzia utosini hadi unyayoni. Nao wa umati wangemjibu: wewe kakuita nani?

Ugomvi huo ndio mlango wa kuingilia. Anayeutazama mchezo huu kwa mbali huona watu wazima wanaocheza kombolela na panga za bati. Akisogea karibu anakuta swali linalowasumbua hata wanahistoria: tutajuaje maisha ya watu ambao hawakuacha maandishi yao, hawakukaa mbele ya mchoraji, na wengi wao waliishia kitanzini au chini ya maji?

Tuweke mipaka kwanza. Msomaji wa Mombasa akisikia haramia anakumbuka mambo ya juzi: meli MV Faina iliyotekwa na Wasomali Septemba 2008 ikielekea Mombasa na vifaru 33, au washtakiwa waliopandishwa kwenye mahakama iliyojengwa ndani ya gereza la Shimo la Tewa. Hao si wa mchezo huu. Kipindi kinachoigizwa ni cha kati ya 1650 na 1730 hivi, na hasa ile miaka kumi na kitu iliyofuata vita vya kugombea kiti cha ufalme wa Hispania. Amani ilipopatikana 1713, jeshi la majini la Uingereza liliwaachisha kazi maelfu ya mabaharia, mishahara kwenye meli za biashara ikaporomoka, na wengi wakaishia Nassau, katika visiwa vya Bahamas, mahali ambapo serikali ilikuwa ya jina tu. Julai 1718 gavana mpya, Woodes Rogers, alitia nanga Nassau, mkono mmoja ana msamaha wa mfalme, mkono wa pili ana kitanzi. Ilipofika 1726 biashara hiyo ilikuwa imekwisha.

Bahari ya Hindi nayo imo, ingawa waigizaji wengi wa Marekani huisahau. Mwaka 1697 Kapteni William Kidd aliilaza meli yake Adventure Galley ufukweni Mwali, Komoro, ili ikwanguliwe na kukalafatiwa, na huko maradhi yakamfagilia mabaharia wake. Meli hiyo iliishia Sainte-Marie, Madagaska, kisiwa kilichokuwa maskani ya maharamia kwa miaka mingi. Agosti 1720 Edward England na John Taylor waliishambulia meli ya Kiingereza Cassandra mbele ya Nzwani. Kwa hiyo anayetaka kuigiza haramia wa zama hizo hana lazima ya kwenda Karibi.

Turudi kwenye buti. Mtu anayelaumiwa zaidi ni mchoraji Howard Pyle wa Delaware, Marekani, aliyefariki 1911. Aliwachora maharamia kwa ajili ya magazeti na vitabu katika wakati ambao ushahidi wa mavazi yao ulikuwa haba, akayajazia mapengo kwa mavazi ya Kihispania: mishipi mipana ya kitambaa kiunoni, vilemba vya rangi, hereni. Picha zilikuwa nzuri mno, watu wa sinema wakazichukua kama zilivyo. Sauti ilikuja baadaye. Mwaka 1950 mwigizaji Robert Newton, mzaliwa wa Dorset, alikoleza lafudhi ya kwao kwa ajili ya filamu ya Disney, na tangu hapo kila haramia duniani anaunguruma kama mkulima wa Dorset.

Haramia alikuwa baharia kabla hajawa haramia, na siku ya kwanza ya uharamia hakubadilisha suruali. Ndiyo maana watu wa fani huanzia kwenye nguo za mabaharia wa kawaida. Karatasi wanayoipenda ni mkataba wa mwaka 1706 wa kuwauzia nguo mabaharia wa jeshi la Uingereza: koti fupi la sufu ya kijivu lenye bitana nyekundu ya pamba na vifungo 15 vya shaba, fulana nyekundu za sufu, nguo za kitambaa chenye mistari, kofia za ngozi, soksi ndefu, viatu. Buti ndefu hazimo, na sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukanyaga sitaha yenye maji: zile ni za kupandia farasi. Jaribu kupanda mlingoti nazo uende ukakunje tanga kwenye foromali, ukiwa umesimama juu ya kamba moja.

Hapo wapinzani hutoa hoja yao maarufu: mimi ni haramia, hii niliiba. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana. Kitabu cha mwaka 1724 kinachodaiwa kuandikwa na Kapteni Charles Johnson kinasema kwamba Bartholomew Roberts, siku alipouawa karibu na Cape Lopez, Gabon ya leo, Februari 1722, alikuwa amevaa fulana nyekundu ya kitambaa cha thamani, unyoya kofiani, na mkufu wa dhahabu wenye msalaba wa almasi shingoni. Hayo hakuyanunua kwa mshahara wa ubaharia. Watu wa fani hujibu: sawa, uliiba, lakini kwa nani? Ukivaa joho la Mturuki uwe na meli iliyobeba majoho ya Kituruki, katika bahari uliyokuwepo, mwaka ule. Nionavyo mimi jibu hilo ni zuri kuliko sheria zote za kambi, kwa sababu linamrudisha mtu kwenye orodha za shehena badala ya dukani.

Na kuna tamu moja zaidi. Ule mtandio wa kichwani, ambao wakali wa fani waliupiga vita kwa miaka mingi, una shahidi wa macho, na anawazungumzia wanawake. Maharamia Anne Bonny na Mary Read waliposhtakiwa Jamaika Novemba 1720, mwanamke mmoja waliyekuwa wamempora, Dorothy Thomas, aliieleza mahakama kwamba wawili hao walivaa makoti ya kiume na suruali ndefu, na vitambaa wamefunga kichwani. Kwa makundi yaliyokuwa yakiwazuia wanawake kubeba silaha au kuigiza mabaharia, ushahidi huo ulikuwa mgumu kumeza. Nguo hizo hizo wanaume wanazozivaa kambini kwa kujigamba, zimeelezwa mahakamani zikiwa juu ya miili ya wanawake.

Mbali na mahakama, ushahidi hutoka baharini. Meli ya Whydah, ya haramia Samuel Bellamy, ilizama usiku wa 26 Aprili 1717 karibu na Wellfleet, Massachusetts. Mabaki yake yalipatikana 1984 na mwaka uliofuata ikaopolewa kengele yenye jina la meli, hivyo ubishi ukaisha. Humo kulipatikana kiatu, soksi ya hariri na mfupa wa mguu wa mtoto, vinavyoaminika kuwa vya John King, kijana aliyeshikilia kujiunga na maharamia mbele ya mama yake. Kusini zaidi, Queen Anne's Revenge ya Edward Teach, yaani Blackbeard, ilikwama Juni 1718 kwenye lango la Beaufort, North Carolina, na ikagunduliwa Novemba 1996. Katika vitu vilivyotolewa mle kuna bomba la sindano la kutilia dawa ya zebaki kwenye njia ya mkojo. Ukikumbuka kwamba wiki chache kabla ya kukwama Blackbeard aliifunga bandari ya Charleston, na kwamba fidia aliyoidai ilikuwa kasha la dawa, utaelewa kwa nini kwenye kila kambi nzuri meza inayojaza watu ni ya tabibu wa meli, pamoja na msumeno wake.

Kambi zenyewe ni za wikendi moja, mara nyingi mbele ya ngome ya zamani au makumbusho ya bahari. Mahema ya turubai, sufuria ya chuma juu ya moto, mtu anasokota kamba, mwingine anashona shati la kitani kwa mkono, mishono midogo ambayo hakuna mtazamaji atakayeiona. Biskuti za baharini huokwa kwa unga na maji tu hadi zikawa ngumu kama vigae. Posho ya baharia wa Uingereza ilikuwa ratili moja ya hizo kwa siku, na galoni ya bia. Makundi mengine hutosheka nguo ikionekana sawa kwa hatua kumi. Wengine hukagua hadi uzi, na kwa sababu hiyo wenzao huwabeza kwamba ni wahesabu mishono. Wakikaa jioni kwenye moto mmoja, watazamaji wakishaondoka, hugombana hasa.

Ila kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hawalifanyii mzaha, nalo ni mzinga. Hauna tufe ndani yake, lakini baruti ni ya kweli, na Uingereza huwezi kuinunua wala kuiweka bila kibali cha vilipuzi. Tazama kikosi kinavyofanya kazi baada ya kufyatua. Mmoja anaingiza mti wenye chuma kilichosokotwa nchani, anazungusha, anavuta mabaki ya mfuko wa baruti uliopita. Wa pili anaingiza ngozi ya kondoo iliyoloweshwa, anazima cheche yoyote iliyojificha, kisha anaingiza kavu. Muda wote huo mwenzao wa nyuma ameziba tundu la kuwashia kwa kidole gumba kilichovikwa ngozi, hewa isipite ikaamsha moto. Wanasubiri dakika kadhaa, watoto mbele wakilalamika. Ndipo baruti mpya, iliyofungwa kwenye foili, inasukumwa ndani kwa mdeki, mti wa kushindilia.

Hapo angalia mkono wa anayesukuma. Amesimama pembeni ya mdomo wa mzinga, si mbele yake, na kidole gumba chake kiko upande mmoja na vidole vingine, hakiukumbatii mti. Baruti ikishika kabla ya wakati, mdeki utaruka na kumwachia mkono. Kidole kilichokumbatia kingekwenda nao. Kisha mfuko unatobolewa kwa sindano ndefu kupitia tundu la nyuma, baruti laini inamiminwa, amri inatolewa, utambi unagusishwa.

Maharamia wenyewe waliongeza kitu ambacho waigizaji hawathubutu: kizibo cha karatasi au matambara kilichoshindiliwa juu ya baruti. Leo kizibo kingegeuka risasi mbele ya watazamaji. Tunajua walitumia karatasi kwa sababu ndani ya kipande cha nyuma cha mzinga mmoja wa Queen Anne's Revenge wahifadhi walikuta vipande 16 vya karatasi, kikubwa kuliko vyote hakizidi sarafu. Baada ya kazi ndefu wakatangaza Januari 2018 kwamba vimetoka kwenye kitabu cha safari cha Edward Cooke, kilichochapwa 1712. Mtu fulani melini alichana kitabu cha mambo ya bahari akakitia mzingani. Alikuwa amekisoma? Kambini swali hilo halina mwisho.

Wapo ambao kambi ya nchi kavu haiwatoshi, wanataka meli. Hapa gharama hupanda hadi mawinguni na wengi hugeuka kuwa wafadhili au vibarua wa kujitolea. Wasweden waliiunda upya Götheborg, meli ya biashara iliyozama 1745 ikiwa karibu kuingia bandari ya nyumbani. Mpya ilishushwa majini 2003 na ikaondoka 2005 kwenda China na kurudi. Watu hulipa nauli ili wapewe zamu ya kuvuta kamba. Baharia wa Lamu au Nungwi, anayekesha na kamba ya demani mkononi kwa sababu ndiyo riziki yake, atacheka hadi akae chini. Lakini meli hiyo si ya maonyesho tu. Aprili 2023, karibu na pwani ya Brittany, chombo kidogo cha Kifaransa kiitwacho Corto kilivunjika usukani kikaomba msaada redioni. Iliyojitokeza ikawa ni meli ya milingoti mitatu ya karne ya 18. Waliookolewa walidhani mwanzoni wanataniwa.

Mbao haina huruma. Hermione ya Ufaransa, nayo nakala ya meli ya kale, ilijengwa Rochefort kwa miaka mingi kuanzia 1997, ikaenda Marekani 2015, na 2021 ikagundulika kuvu wameila kiasi cha kuifungia chelezoni. Mbaya zaidi ni habari ya Bounty, nakala ya meli ya karne ya 18 iliyoundwa 1960 kwa ajili ya filamu. Oktoba 2012 iliondoka Connecticut huku kimbunga Sandy kikitangazwa kila mahali. Tarehe 29 ikazama mbele ya North Carolina. Kati ya watu 16, waliookolewa ni 14. Nahodha Robin Walbridge hakuonekana tena, na baharia Claudene Christian alifariki. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waliandika kwamba chanzo ni uamuzi wa kizembe wa nahodha kuipeleka meli kwenye njia ya kimbunga kilichotabiriwa vizuri. Kuigiza karne ya 18 hakumzuii mtu kusikiliza utabiri wa karne ya 21.

Ukiniuliza wapi fani hii imefikia kilele, sitakupeleka kwa maharamia hata kidogo. Nitakupeleka Oman. Mwaka 1980 huko Sur mafundi waliunda Sohar kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari, ufundi wa ukoo mmoja na ule wa mtepe wetu, ambao leo tunauona kwa mifano tu kwenye makumbusho kama ya Lamu. Msafiri Tim Severin na mabaharia wa Kiomani wakaipeleka hadi China. Mwaka 2010 ikafuata Jewel of Muscat, nayo ya kushonwa, kutoka Muscat hadi Singapore, ikiwa imeigwa kwenye mabaki ya chombo cha karne ya 9 kilichopatikana Belitung, Indonesia. Hapo kuigiza kumekuwa jaribio: je, mshono unahimili pepo za kusi? Unavuja kiasi gani? Majibu hayakuwa kwenye kitabu chochote, ilibidi mtu apande.

Limebaki lile linaloachwa nje ya kambi nyingi. Queen Anne's Revenge kabla ya kuwa na jina hilo ilikuwa La Concorde, meli ya watumwa ya Nantes. Mwaka 1717 ilipakia mateka 516 huko Ouidah, Benin ya leo. 61 walikufa njiani. Blackbeard alipoiteka Novemba mwaka huo, hakuwafungua minyororo. Wengi aliwaacha kisiwani Bequia pamoja na mabaharia wa Kifaransa, akawaachia Wafaransa hao jahazi dogo, nao wakaliita Mauvaise Rencontre, Makutano Mabaya, wakalitumia kuwasafirisha wale Waafrika hadi Martinique wakauzwe kama ilivyopangwa. Hata Whydah ni matamshi ya Kiingereza ya Ouidah, na ilikuwa ikitoka kwenye biashara hiyo hiyo. Ukiwasikiliza wasimulizi wa kambini wakisifu demokrasia ya maharamia, kila mtu kura moja na fungu lake la mali, hesabu hiyo ya Bequia hutaisikia mara nyingi.

Wanaoogopa kuigusa wana sababu. Oktoba 1994 makumbusho ya wazi ya Colonial Williamsburg, Virginia, yaliigiza mnada wa watumwa mtaani. Christy Coleman, mkuu wa idara ya historia ya Wamarekani Weusi hapo, alisimama mnadani yeye mwenyewe. Kulikuwa na maandamano. Jack Gravely wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, aliyekwenda kupinga, alipomaliza kutazama alikiri kwamba amebadili mawazo. Wengine hawakubadili, na hadi leo kuna wanaoona kuwa mambo hayo hayafai kuchezwa hata kwa nia njema.

Mimi naona kuna igizo ambalo kambi za maharamia zingeweza kulianza kesho, na halihitaji mnada. Machi 1719, katika mji huo huo wa Williamsburg, gavana Alexander Spotswood aliliuliza baraza lake kama weusi watano wa kundi la Blackbeard, kwa hali yao ya kuwa weusi, wanastahili kusamehewa mashtaka wanayokabiliwa nayo maharamia wengine. Baraza likajibu hapana, washtakiwe sawa na wenzao. Wanne kati yao majina yao yamebaki: James Blake, Richard Stiles, James White na Thomas Gates. Maelezo yao yakapelekwa North Carolina kumshtaki Tobias Knight, ofisa mkubwa wa serikali aliyedaiwa kupokea mali ya wizi kutoka kwa Blackbeard. Mei mwaka huo Knight alijitetea kwamba kisheria neno la mtumwa mweusi si ushahidi. Baraza la North Carolina likakubali, likamwachia huru.